Pongezi kwa Mradi Usiokufa: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri zote zinazoendesha msako wa mbwa wazururaji.

Ndugu Wakurugenzi,

YAH: PONGEZI KWA MRADI WENU WA KUDUMU WA KUUA MBWA

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlipa kodi wa kawaida, na nimeshika kalamu kushukuru. Katika nchi ambayo miradi mingi hufa siku mfadhili anapofunga virago, ninyi mmebuni mmoja usiokufa. Gari la matangazo hupita mtaani: wenye mbwa wafungieni, atakayeonekana akizurura atauawa. Kisha bunduki hulia alfajiri, au nyama yenye sumu huachwa jalalani. Mizoga hupakiwa kwenye trekta, taarifa hupelekwa kwenye Baraza, madiwani hugonga meza. Mwaka unaofuata mbwa wako palepale, na fungu la bajeti nalo liko palepale. Huo ndio uendelevu tunaohubiriwa kwenye semina kila siku.

Nimejaribu kuichunguza siri ya mafanikio yenu. Mbwa jike huanza kupata joto akiwa na umri wa kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mbwa, kama mjuavyo, hawajawahi kuficha. Sasa ninyi mnapoua kumi, dampo hamliui. Mabaki ya bucha yanaendelea kumwagwa, ila walaji wamepungua. Watoto ambao wangekufa kwa njaa wanapata shibe, na mbwa wa mtaa wa pili wanahamia kwenye nafasi mliyowasafishia. Zaidi ya hapo, wengi mnaowaita wazururaji wana wenyewe; kosa lao ni kuishi kwenye nyumba isiyo na uzio. Mwenye nyumba akiuliwa mlinzi wake, wiki ileile anakwenda kwa jirani kuomba mtoto mwingine, maana wezi huwa hawasitishi kazi kupisha operesheni ya halmashauri.

Kilichonifurahisha zaidi ni usawa wenu. Risasi yenu haiulizi cheti cha chanjo. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kupita. Ninyi mnamuua aliyechanjwa sawa na asiyechanjwa, kisha nafasi yake inachukuliwa na mtoto wa miezi mitatu ambaye hajawahi kuona sindano. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miongo kadhaa kwamba kuua mbwa peke yake hakuzuii ugonjwa huu. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, hawakusikia. Kichaa kilipoingia huko mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa maelfu mengi, na kichaa kikabaki. Kwa hiyo msijione wapweke, mna wenzenu.

Mtasema watoto wetu wanang'atwa. Ni kweli, na hapo sina utani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mtu, kinachofuata ni mazishi. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliambukizwa na mbwa, na kati ya kila kumi, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mzazi anayeogopa ana haki ya kuogopa. Lakini anayemwogopea mwanawe anataka ugonjwa uishe, nao ukiisha mradi wenu unaingia hatarini. Ndiyo maana nawatahadharisha na mifano miwili mibaya.

Wa kwanza ni Pemba. Watu wa kisiwa kile walikazania kuchanja mbwa kwa kampeni za mfululizo, na kufikia mwaka 2014 kichaa kikawa kimetoweka. Mwaka 2016 kikaletwa tena kutoka nje ya kisiwa. Badala ya kutumia fursa hiyo kuanzisha mradi wa kudumu kama wenu, wakarudi kuchanja, na kufikia 2018 kikaondoka tena. Wa pili ni Bhutan, nchi ndogo ya milimani huko Asia. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba imekamilisha kuhasi na kuchanja mbwa wake wazururaji, zaidi ya 150,000. Mbwa aliyehasiwa haongezi idadi, huishi muda mrefu zaidi, na chanjo yake, ikirudiwa kwa wakati, huishi naye. Fikirieni hasara: trekta litabeba nini?

Haki itendeke pia kwa wabia wenu katika mradi huu, yaani sisi wananchi. Mnaua kwa fedha za umma, nasi tunawaletea malighafi bure mpaka mlangoni. Yupo bwana mwenye dume kubwa jeusi, ukimtajia kuhasi anashika kiuno kana kwamba daktari anamtafuta yeye. Atakwambia mbwa akihasiwa hatabweka tena. Bwana huyohuyo ana maksai wawili kijijini wanaomlimia shamba zima, na hajawahi kulalamika kwamba wamepoteza heshima zao. Mbwa aliyehasiwa hubweka na hulinda. Alichopunguza ni kuzurura usiku kutafuta wachumba na kurudi na majeraha. Yupo na mama mwenye jike, ambaye kila mzao huutia kwenye kiroba na kuutua nyuma ya soko kabla hakujapambazuka, kisha asubuhi anashangaa mbwa wa sokoni wametoka wapi. Na yupo kijana wa mjini anayelipa fedha nyingi kununua mtoto wa mbwa wa kizungu ambaye atahema kwa joto maisha yake yote. Mbwa koko aliyezoea jua letu na makombo yetu anasubiri getini kwake mtu wa kumwita jina.

Paka nao wasisahaulike, japo hawajapata heshima ya kuwa na bajeti. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na akashika nyingine angali ananyonyesha. Kuwamwagia dagaa ni thawabu, wala sibishi. Lakini anayelisha paka kumi bila kumfunga kizazi hata mmoja, mwakani aandae dagaa wa paka thelathini.

Iwapo, Mungu apishe mbali, mmoja wenu atataka kuuhujumu mradi huu, njia zenyewe ni rahisi mno:

(a) Fedha za sumu na risasi zimlipe daktari wa mifugo apige kambi kwenye kata, achanje mbwa na paka, ahasi madume na kufunga vizazi vya majike, na kuweka mkato mdogo sikioni ili waliokamilika watambulike.

(b) Majike wapewe kipaumbele na huduma iwe bure, kwa sababu asiyeweza kulipia ndiye mwenye kiroba.

(c) Mabaki ya bucha na taka za soko ziondolewe kwa wakati, kazi ambayo tayari ni yenu.

(d) Anayetaka mbwa aanze kwa kuchukua aliyetelekezwa, na anayetelekeza watoto wa mbwa aulizwe kwa mujibu wa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo nasikitika kuwakumbusha kwamba bado ipo.

Mkiyafanya hayo kwa miaka michache mfululizo, kazi itakwisha. Najua ni maneno mazito kumtamkia mtumishi wa umma, nawaomba radhi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mlipa Kodi

Nakala:
Mwenyekiti wa Mtaa: kwa taarifa.
Bwana mwenye dume jeusi: kwa utekelezaji.
Jike koko wa nyuma ya bucha: hana haja ya nakala, maana mimba yake tayari imo kwenye mpango kazi wenu wa mwaka ujao.