Jinsi ya Kumiliki Shimo Usilowahi Kuliona

Mtu anayetaka dhahabu huenda kwa sonara, akaiona ikipimwa kwenye mizani, akalipa, akaivaa au akaificha kabatini. Mtu wa namna hiyo hana maono, na mwongozo huu haumhusu. Unamhusu yule mwenye akiba kidogo, bando la kutosha, na shemeji aliyemtumia saa nne usiku picha ya bwana mwenye kofia ngumu akiunyooshea mlima kidole. Chini ya picha pameandikwa kwamba mlima umejaa neodimi, kwamba bila neodimi hakuna gari la umeme wala kombora, na kwamba kampuni inayoumiliki inauza hisa zake Sydney kwa senti nne. Senti nne! Kwa bei hiyo hupati hata nusu chapati.

Ukishafika kwenye hesabu ya chapati, umeiva. Kitu kimoja tu kinaweza kukuharibia: kuuliza hisa ziko ngapi. Usiulize. Kampuni yenye hisa bilioni mbili za senti nne inathaminiwa dola milioni 80, na mara nyingi mali yake ni leseni ya utafiti, ofisi ya kupanga na Land Cruiser mbili. Haichimbi kitu, kwa hiyo haiuzi kitu, isipokuwa bidhaa moja inayoizalisha kwa ustadi wa hali ya juu, nayo ni hisa mpya. Kila fedha za kuchoronga zikiisha, hutoa hisa nyingine milioni mia tatu, ikawauzia wakubwa kwa punguzo, na juu yake ikawapa hati za kununua zaidi baadaye kwa bei ya leo. Sehemu yako ya mlima hupungua bila wewe kuuza hata jiwe. Zikizidi mpaka zinatia aibu, hukunjwa: kumi zinakuwa moja, senti moja inakuwa senti kumi, na bwana wa kofia ngumu anatangaza mwanzo mpya.

Kabla hatujaenda mbali, tuwaage waoga. Mwaka 2017 Soko la Hisa la Nairobi liliorodhesha mfuko uitwao NewGold, ambao kila kipande chake kinasimamia dhahabu halisi iliyofungiwa kwenye sefu. Dhahabu ikipanda, nacho kinapanda. Oktoba 2025, wakia moja ilipovuka dola 4,000, mwenye kipande hicho hakumhitaji mjiolojia, waziri wala shemeji. Hakuna hadithi humo, upite. Dar es Salaam nako hutapata msaada. Sokoni pale utakuta benki, bia, sigara na saruji. Kanuni za 2016 zilitaka wenye leseni maalumu za uchimbaji wauze asilimia 30 ya hisa zao kwa umma, lakini twiga unayeweza kumnunua pale ni wa saruji. Yule wa dhahabu, Twiga Minerals wa Barrick na Serikali, hauzwi.

Sasa chagua hadithi. Dhahabu inayo moja, ya tangu zamani: dunia inaharibika. Madini adimu yana hadithi mpya na tamu zaidi, nayo ni China. Haya ni elementi 17, neodimi ya shemeji ikiwemo, na uadimu wake haumo ardhini. Seri, ambayo ni mojawapo, inakaribia shaba kwa wingi katika ganda la dunia. Kazi ni kuyatenganisha. Hukaa pamoja ndani ya mwamba, hufanana kikemia kama pacha, mara nyingi yamefuatana na thori yenye mionzi, na kuyachambua kunataka matangi ya asidi na hatua zinazoweza kufika mamia. China hufanya takribani asilimia 90 ya uchambuzi huo. Mlima, basi, ndiyo sehemu rahisi ya biashara. Kwenye picha ya shemeji hakuna matangi, na tusimlaumu, maana asidi haipendezi pichani.

Kuhusu wakati wa kununua: subiri China ifunge mlango, habari ifike kwenye taarifa ya saa mbili usiku, bei ipande mara tano, ndipo uingie. Wengi walifuata njia hii kwa Molycorp, iliyokuwa na mgodi wa Mountain Pass, California. Iliingia sokoni Julai 2010 kwa dola 14 kwa hisa. Septemba mwaka huo boti ya uvuvi ya China iligongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani, na muda si mrefu mizigo ya madini adimu iendayo Japani ikakwama. Kufikia Mei 2011 hisa ilikuwa imepita dola 70. Walioingia mwezi huo walikuwa na sababu zote sahihi: magari, mitambo ya upepo, silaha, China. Baadaye viwanda vikajifunza kutumia kidogo, mzigo wa magendo ukaendelea kutoka China, bei zikaanguka, na Juni 2015 Molycorp ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwaka 2025 mgodi huohuo, sasa ukiwa wa MP Materials, ulihakikishiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani bei isiyopungua dola 110 kwa kilo ya neodimi na praseodimi. Mwamba haukubadilika hata chembe. Aliyebadilika ni mbeba hasara.

Ukishanunua, soma ripoti. (Kusoma kabla ya kununua kumewakosesha wengi raha.) Utaambiwa kwamba shimo namba fulani limekutana na mita 12 zenye gramu 9 za dhahabu kwa kila tani. Furahia shimo hilo; usiulizie mengine. Utaonyeshwa ramani yenye mraba mwekundu wa kampuni yako, na kilomita 30 kando nyota kubwa ya Mgodi wa Geita, kana kwamba utajiri huambukizwa kwa ujirani. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu wangekueleza kwamba duara lako, yaani shimo, linaweza kukosa mkondo ambao jirani, hatua chache tu kutoka kwako, anaupiga nyundo. Lakini wao hawana ramani ya rangi. Halafu yapo makadirio: rasilimali iliyokisiwa, iliyoashiriwa, iliyopimwa, na mwisho kabisa akiba inayochimbika kwa faida. Ya kwanza ndiyo kubwa, na ndiyo huandikwa kwa wino mnene. Thamani ya mradi nayo hutolewa mara mbili, kabla ya kodi na baada ya kodi. Shika ya kabla. Ni kweli zipo nchi zenye tabia ya kudai kodi, ila si vizuri kuanza safari na mawazo mabaya.

Waliofika kileleni katika sanaa hii ya ripoti ni Bre-X wa Calgary, Kanada. Kule Busang, kwenye misitu ya Borneo upande wa Indonesia, dhahabu yao ilikuwa ikiongezeka kila walipofungua mdomo, mpaka ikafika wakia milioni 70. Kampuni iliyoanza kwa hisa za senti ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada, na ndani yake mkawemo mifuko ya pensheni, ukiwemo wa walimu wa jimbo la Ontario. Kwa desturi, kipande cha mwamba kinachotoka kwenye mtambo wa kuchoronga hupasuliwa katikati: nusu huenda maabara, nusu hutunzwa kwa ajili ya mwenye shaka. Bre-X walisaga kipande kizima, kwa hiyo wenye shaka hawakuwekewa chochote. Januari 1997 moto ukateketeza kumbukumbu za Busang. Machi 19 mjiolojia wao Michael de Guzman akaanguka kutoka kwenye helikopta iliyokuwa angani. Kabla mwezi huo haujaisha, Freeport-McMoRan, waliokuwa wamechoronga upya kando ya mashimo yaleyale, wakasema dhahabu waliyoikuta haina maana. Mei, wachunguzi wa Strathcona wakathibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimepakwa dhahabu ya kuletwa. Chembe zake nyingi zilikuwa zimeviringika, zimesuguliwa na maji, dhahabu ya mtoni iliyodaiwa kutoka ndani ya mwamba mgumu. Hilo mchekechaji yeyote wa mtoni angeliona kwa jicho lake, lakini nani angempeleka mchekechaji Toronto, hisa zilikouzwa? Hakuna aliyefungwa. Mjiolojia mkuu, John Felderhof, alishtakiwa kuhusu biashara ya hisa zake, na mwaka 2007 mahakama ya Ontario ikamwachia huru.

Tuseme sasa kwamba una bahati na madini yapo kweli. Hapo ndipo utakapogundua kwamba mlima uko katika nchi, na nchi ina wenyewe.

Chukua Mrima, kaunti ya Kwale. Ni kilima chenye msitu na kaya ya Wadigo, mahali pa makaburi na matambiko, tena kina ulinzi wa kisheria kama hifadhi. Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya, kampuni ya Cortec ilipata leseni maalumu ya kuchimba hapo. Katikati ya mwaka ikatangaza kwamba madini adimu ya Mrima yana thamani ya zaidi ya dola bilioni 60, na magazeti yakaimba. Namna ya kupata tarakimu kama hiyo ni nyepesi: unachukua tani zilizo ardhini, unazidisha kwa bei ya sokoni ya madini yaliyokwisha kusafishwa, unasahau gharama ya kuyatoa, kuyatenganisha na kuyasafirisha, kisha unaita wanahabari. Agosti Waziri wa Madini, Najib Balala, akafuta leseni zilizotolewa katika kipindi hicho cha kupokezana madaraka. Wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa mjini Washington wakidai hadi dola bilioni 2. Oktoba 2018 baraza likawaambia kwamba leseni ile ilikuwa batili tangu mwanzo. Tathmini ya mazingira iliyotakiwa na sheria haikuwa imeidhinishwa, na ardhi yenyewe ililindwa. Wazee wa kaya wangeweza kusema hivyo bila nauli ya Washington. Hisa za kampuni mama zilikuwa zikiuzwa Kanada, mbali na makaburi.

Burundi ni hadithi fupi zaidi. Gakara ilikuwa na mwamba tajiri kuliko karibu migodi yote ya madini adimu duniani. Rainbow Rare Earths ikaupeleka kwenye soko la hisa la London mwaka 2017, ikaanza kuchimba mwaka huohuo, na 2021 serikali ikasimamisha kwanza usafirishaji, halafu kazi yote. Leo tumaini kubwa la kampuni ni marundo ya mabaki ya kiwanda huko Phalaborwa, Afrika Kusini. Inasemekana marundo hayana kaya.

Makinikia sitayasimulia, kila kijiwe Tanzania kina profesa wake wa makinikia. Nikumbushe tu kwa upande wa mwenye hisa. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia mchanga wa madini kupelekwa nje, makontena 277 yakakaguliwa bandarini, na Julai Acacia, kampuni ya dhahabu iliyokuwa chini ya Barrick, ikapokea ankara ya kodi ya dola bilioni 190. Mauzo yake ya mwaka mzima uliotangulia yalikuwa kama dola bilioni moja. Hisa ikapoteza zaidi ya nusu ya bei. Mwaka 2019 Barrick, waliokuwa na karibu asilimia 64, wakawanunua wenzao wadogo na kukubali kuilipa Serikali dola milioni 300, zile ambazo mtaani tulizoea kuziita kishika uchumba. Waliokuwa wamenunua London mwaka 2010 kwa peni 575 waliondoka na chini ya nusu. Uchumba ulifungwa juu yao, na kadi hawakupewa.

Kwa wenye subira ipo Ngualla, mkoani Songwe. Peak ya Australia ilishika mlima huo kwa miaka na miaka, ikauza hadithi ya madini adimu yasiyopitia China, ikapanga hata kiwanda cha kuyasafisha Teesside, Uingereza. Kwa miaka yote hiyo mwanahisa aliyeulizwa nyumbani fedha ziko wapi alijibu kwamba yeye ni mwekezaji wa muda mrefu. Jibu hilo ni zuri, likariri. Mwaka 2023 leseni maalumu ikatoka, Serikali ikiwa na asilimia 16. Mwaka 2025 Peak ikanunuliwa yote. Mnunuzi ni Shenghe, wa China.

Kwa hiyo ukinibana nikutajie madini adimu ya Tanzania yaliyokwisha kulipa fedha taslimu, nitakutajia Wigu, mkoani Morogoro. Hayajachimbwa. Montero ya Kanada ilikuwa na leseni ya kushikilia eneo hilo. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yakazifuta leseni za aina hiyo. Montero ikafungua kesi, na Novemba 2024 Tanzania ikakubali kulipa dola milioni 27. Winshear, pia ya Kanada na mradi wake wa dhahabu, ilikwisha kukubaliana kwa milioni 30 mwaka uliotangulia. Indiana ya Australia, kwa nikeli ya Ntaka, ilipata milioni 90, ikawapa wanahisa gawio. Jumla milioni 147, bila mlipuko hata mmoja, bila vumbi, bila asidi. Yako hata makampuni yanayokopesha gharama za kesi kama hizi na kulipwa ikishinda, ambayo kwa maoni yangu ndiyo wachimbaji hodari kuliko wote tuliowataja.

Mwekezaji makini, basi, aache kuuliza gramu kwa tani, atafute leseni nzuri iliyo karibu kufutwa vibaya. Kama unalipa kodi Tanzania, usijione umechelewa: umo katika biashara hii tayari, upande wa wanaotoa. Baadhi ya wanaopokea huuziana hisa zao Toronto, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, au saa kumi na moja na nusu kwao kukiwa na baridi.