Tatu Nukta Kumi

Nina kazi isiyo na mshahara wala likizo, na mama mkwe wangu hadi leo anaamini ni ya kutuma mizigo kwa mabasi. Kosa ni langu. Siku ya posa niliulizwa shughuli yangu, nikajibu kwa kujiamini, "Nafungasha programu huria." Wazee walisikia "nafungasha", wakaridhika. Tangu siku hiyo kila akishuka Tanga kutoka Lushoto ananikabidhi mapeasi yake nimfungie upya yasipondeke, maana nyumbani yupo mtaalamu.

Ninachofunga mimi hakipondeki, kinaoza tu. Mtu fulani duniani anaandika programu, anaiacha wazi kwa kila mtu, sisi wajitolea wa Debian tunaichukua, tunaijenga na kuifunga ili wewe uandike amri moja uipate. Mradi huu upo tangu 1993 na vifurushi vyake ni makumi ya maelfu. Changu mimi ni kimoja, kijiprogramu cha kukadiria maji kujaa na kupwa. Unakipa bandari na tarehe, kinakuambia bamvua lini na maji mafu lini, kisha kinanyamaza. Mjomba wangu mvuvi hakihitaji. Yeye anauliza tu, "Leo mwezi ngapi?", anatazama juu, anakwenda zake ngalawani. Sijamwonyesha namba yangu na yake zinavyofanana, asije akaniuliza basi nakesha kwa ajili ya nini.

Mwandishi wa kijiprogramu hicho alikigusa mara ya mwisho 2009. Na mimi sikukigusa. Mwezi nao, nijuavyo, haujabadilisha njia. Lakini asubuhi moja nikakuta taarifa ya hitilafu: kifurushi chako hakijengeki, na kisipotengenezwa kitaondolewa kwenye toleo lijalo.

Kilichobadilika ni CMake. Huyu ni mnyapara wa ujenzi. Anasoma maelekezo, anakagua kama mchanga na saruji vipo, halafu ndipo mafundi waitwe. Juu kabisa ya maelekezo kuna mstari unaosema "nahitaji CMake isiyopungua toleo fulani". Mwandishi wangu aliweka 2.6. Sasa mimi nilisoma shule za kawaida. Nikiambiwa isiyopungua mbili na kitu, nikaleta nne, natarajia kushukuriwa. Kumbe CMake huuchukua mstari ule kama ahadi, kwamba atatenda kwa adabu za enzi hizo. Na toleo la 4.0, lililotoka Machi 2025, lilitangaza kwamba adabu za kabla ya 3.5 halizijui tena.

Umewahi kupeleka fomu ofisini, umejaza kila kitu kwa herufi kubwa, picha mbili, mihuri miwili, karani akaitazama kona ya juu tu: "Hii fomu ya zamani"? Unamuuliza mpya ina tofauti gani. Hana jibu, ila kona ya juu. Ndivyo ilivyo. Kijiprogramu changu hakitumii hata adabu moja iliyofutwa. Na kama karani yule yule, baada ya kukukatalia mbele za watu, ujumbe wa CMake mwishoni unakunong'oneza kwamba ukipitia dirisha la nyuma, ukataja CMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM na kuipa 3.5, unaweza kujaribu hivyo hivyo.

Nikapita dirishani. Ndani nikamkuta kompaila GCC amenuna. Mwandishi wangu aliita fanksheni moja bila kuitangaza. Kwa miaka mingi kompaila iliguna tu, ikatoa onyo, ikaendelea na kazi. Tangu GCC 14 ya 2024 haiguni, ni kosa, simama hapo. Nikaongeza mstari mmoja. Nikapiga hatua tatu nikaanguka kwenye hati ya Python ya kuandaa majedwali ya bandari, inayoita moduli ya distutils. Distutils ni marehemu tangu Python 3.12, mwaka 2023.

Usiku wa kwanza ukaishia hapo, pamoja na bando. Maana majaribio haya hayafanywi kwenye Debian tulivu. Yanafanywa kwenye sid, uwanja ambao vifurushi vipya humwagwa kila siku, na kila ukiamka vimebadilika megabaiti mia kadhaa. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa Toy Story. Trixie lilitoka Agosti 2025, linalofuata ni forky. Binti yangu wa darasa la tano alilisoma jina la sid juu ya bega langu.

"Baba, Sid si yule mtoto anayevunja vunja midoli?"

Ndiye. Hakuna aliyewahi kunieleza Debian vizuri kuliko hapo.

Usiku wa pili nikamzika distutils, kisha nikaona dirisha la nyuma ni aibu, nitengeneze kiraka cha haki. Kiraka kikakataa, na kosa lilikuwa nafasi. Faili la maelekezo ya kifurushi chetu husomwa na Make, aliyebuniwa na Stuart Feldman 1976, na Make anataka mstari wa amri uanze na tabu. Nafasi nane za kawaida, zinazoonekana sawasawa na tabu, hazitaki. Feldman mwenyewe alieleza kwamba alipotambua usumbufu huo alikuwa tayari na watumiaji kama kumi na wawili, akaona vibaya kuwavurugia. Kumi na wawili! Wangetosha kwenye daladala moja. Kwa heshima ya abiria hao mimi nimekesha hadi adhana ya alfajiri. Kwa hiyo chombo kimoja kinanitesa kwa sababu hakijabadilika tangu mama yangu akiwa msichana, kingine kwa sababu kimebadilika juzi, na vyote viwili vinakutana sebuleni kwangu.

Usiku wa tatu nikafuta 2.6, nikaandika 3.5. Kikajengeka. Kabla sijajipongeza CMake ikatoa onyo: chochote kilicho chini ya 3.10 nacho kitaondolewa siku zijazo. Nikafuta tena, nikaandika 3.10.

"Baba, umepunguza," akasema binti yangu, penseli mdomoni, daftari la hesabu mbele yake.

Nikamwambia hii si desimali. Ni kama sura na aya. Sura ya tatu aya ya kumi inakuja kabla au baada ya aya ya tano?

"Baada."

"Basi hapo." Akaelewa papo hapo, upesi kuliko mimi nilivyoelewa nikiwa na umri mara tatu ya wake. Sikumwambia kwamba sisi tuna alama ya kiwimbi ambayo ukiitia mwishoni mwa toleo, toleo linakuwa dogo kuliko lisilo na kitu chochote. Kuna mambo mtoto ayasikie akishaolewa.

Mke wangu alitokea mlangoni na kanga yake. "Mume wangu, usiku wa tatu huu. Umebadilisha nini?"

"Namba."

"Ngapi?"

Nikatazama kiraka. Nilitaka kuhesabu na ule mstari wa GCC, na marehemu distutils, na tabu. Nikaona hazitanisaidia. "Moja."

Akarudi kulala. Nikakituma kiraka kwa mwandishi pia, kwa heshima. Barua ikarudi, anwani haipo tena.

Kifurushi kimepokelewa. Ijumaa binti yangu amerudi na jaribio la desimali. Swali la nne lilitaka namba iliyo kubwa kati ya 3.5 na 3.10, na pembeni ya jibu lake, chini ya mkasi mwekundu wa mwalimu, ameandika maelezo ya sura na aya, na kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha. Jumatatu saa mbili nimeitwa shuleni.