Sifa za Kitanda cha Juu

Katika hosteli za wanaosomea ubaharia hakuna kinachotukanwa kuliko kitanda cha juu. Kijana katoka Kampala, Goma au Bujumbura, kashuka Mombasa au Dar es Salaam kutafuta vyeti vya kumfikisha kwenye meli za kitalii, na usiku wa kwanza anaoneshwa deka la chuma: chini pameshakaliwa, yeye apande. Kitanda kinalia akigeuka, na kinalia wa chini akikohoa. Godoro lina bonde katikati, kumbukumbu ya waliotangulia. Joto la chumba kizima limeshapanda huko kumsubiri, na akiamka kwa kushtuka dari inamgonga kipaji. Wenyeji humliwaza: vumilia, wiki zenyewe chache, vyeti vikitoka utakisahau. Wanaosema hivyo wana nia njema, ila wamekosea. Yapo mengi ya kusahau katika safari hiyo, lakini kitanda hakimo. Ndicho somo pekee ambalo atafanyiwa mtihani wake kila usiku wa mkataba.

Tuyatazame hayo masomo mengine. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, ulipitishwa mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010. Mafunzo yake ya msingi ni kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kuishi na wenzako. Yote mazuri, wala hapana wa kuyabeza: mwanafunzi anaruka bwawani na jaketi la kujiokolea, anapindua boti ya mpira iliyobinuka, anakariri kwamba honi saba fupi na moja ndefu ni ishara ya hatari. Lakini mhudumu wa mezani anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asiruke baharini hata mara moja. Hawezi kumaliza mwezi bila kulala chumba kimoja na mtu anayekoroma, au anayepiga simu nyumbani saa nane za usiku kwa sababu meli iko Karibi na kwao kumekucha, ni saa tatu asubuhi. Na mkataba wenyewe ni shahidi. Kila baada ya miaka mitano unamtaka baharia athibitishe kwamba bado anajua kujiokoa na kuzima moto. Somo la kuishi na wenzako haulidai tena. Bila shaka waliouandika walijua kwamba mguu wa jirani ukishapita mbele ya pua yako, hauhitaji kurudiwa darasani.

Atakayedhani natia chumvi asome Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013. Mkataba huo unampa baharia wa meli ya mizigo haki ya chumba chake peke yake, isipokuwa kwa vyombo vidogo na vya kazi maalumu. Meli ya abiria, yenye mabwawa na majumba ya michezo, imesamehewa. Humo, wafanyakazi wawili wasio maofisa watengewe angalau mita za mraba 7.5, na wanne 14.5. Mpangaji wa Nairobi anayelalamikia chumba chake cha futi kumi kwa kumi ana mita za mraba zipatazo 9.3, kumbe analalamika akiwa kwenye nafasi ambayo wahudumu wawili wa meli ya kifahari wangeigombania. Kitanda kisipungue sentimita 198 kwa 80, na vitanda visipandane zaidi ya viwili. Hosteli yenye deka la ghorofa tatu, popote ilipo, inafundisha kupita mtaala. Dar es Salaam vijana wa mjini huitana "baharia" kwa maana ya mtu aliyeyaona yote, hata kama bahari yake inaishia kivuko cha Kigamboni. Ningependa jina hilo lisitolewe kwa mtu kabla hajavaa suruali akiwa amelala chali, gizani, bila kumwamsha wa chini.

Wapo watakaouliza kuhusu kunguni. Kunguni wapo, sikatai. Lakini kazi ya mtandika vitanda ni kukagua mishono ya godoro, na hapana mkaguzi makini kama aliyewahi kuikagua kwa tochi ya simu akiwa na kisasi. Na bweni likishikwa na tumbo la kuendesha, kitanda baada ya kitanda, kila aliyelala humo ataelewa kwa nini melini watu wanasumbuliwa wanawe mikono kila saa.

Pingamizi zito ni la pesa. Mkataba huohuo wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, na viza ni juu ya mwenye meli. Lakini nauli ya basi, karo ya kozi, chakula na kitanda havihesabiwi ada ya kazi, basi vinamwangukia kijana, yaani mama yake, yaani ng'ombe wa mama yake. Je, si dhuluma kulipia mateso? Hapa nakitetea kitanda kwa moyo mweupe. Katika wote wanaopokea pesa za kijana huyu, kitanda ndicho hakijamdanganya. Wakala amemwambia meli inaondoka mwezi ujao, na mwezi ujao akamwambia hivyohivyo. Kuna anayesema nafasi ipo, kimebaki kitu kidogo cha kuisukuma. Kitanda hakikuahidi meli, bandari wala dola. Kililia tangu usiku wa kwanza, mbele ya mashahidi saba. Wanaodai mafunzo yafanyike kwenye vyumba vizuri wanataka kumwondolea mtu huyu kitu kimoja cha kweli alichonunua.

Zaidi ya hayo, hosteli ina ngazi zake za cheo, na zinafuatwa kwa haki kuliko za ofisi nyingi: anayeondoka anaacha nafasi, aliyekaa muda mrefu anairithi. Vyeti vyote vimeshatoka, vimewekwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya mto. Simu ya wakala haipokelewi. Miezi inasogea, kodi inalipwa, na asubuhi moja kijana anapandishwa daraja: anahamia kitanda cha chini. Jioni mlango unagongwa, anaingia mgeni na begi jipya, anauliza alale wapi, naye bila kunyanyua kichwa anamwonesha juu.