Jinsi ya Kununua Kichwa cha Treni Usichokihitaji

Sharti la kwanza ni kuwa na kichwa cha treni tayari. Huwezi kutamani cha pili kabla hujawa na cha kwanza, na wauza gemu za treni walilijua hilo mapema. Mwaka 2007 studio ya Kuju ilipotoa Rail Simulator, ndani ya diski mlikuwa na njia za reli na injini za kutosha kumshughulisha mtu mzima mpaka astaafu. Gemu hiyo baadaye ikaitwa RailWorks, kisha Train Simulator, na siku hizi ni Train Simulator Classic ya Dovetail Games, kampuni ya Uingereza. Kila ilipobadili jina, duka lake lilinenepa. Nyongeza sasa ni mamia, na ukizijumlisha kwa bei kamili unapata maelfu ya dola. Usishtuke. Mwenye akili timamu hazinunui zote. Hununua moja tu, ya mwisho kabisa, halafu wiki inayofuata hununua nyingine.

Ukishakuwa na kichwa cha kwanza, tafuta sababu ya kupata cha pili. Sababu dhaifu kuliko zote ni kwamba utakiendesha. Hiyo haitakufikisha popote, maana hata hicho cha kwanza hujakiendesha. Sababu yenye nguvu ni sauti.

Chukua HST, treni ya dizeli ambayo Waingereza waliianzisha kwa abiria Oktoba 1976, ikitoka Paddington kwenda Bristol na Wales Kusini kwa mwendo wa maili 125 kwa saa, yaani kilomita 201. Ina kichwa mbele na kichwa nyuma, kila kimoja nguvu farasi 2,250. Mwanzoni vichwa vyote vilibeba injini ya Paxman Valenta, na turbo ya Valenta ilikuwa na mlio mkali, mwembamba, unaopanda kila dereva anapoondoka stesheni. Miaka ya 2000 wenye treni wakaanza kuzing'oa Valenta na kuweka MTU za Kijerumani, zenye moshi kidogo na adabu nyingi. Wengine walikuwa na VP185, ya Paxman pia. Kwa abiria aliyekaa na gazeti lake, hiyo ni treni ileile. Kwako wewe ni treni tatu, na usikubali mtu akuambie vinginevyo. Wapo watengenezaji huru wanaouza pakiti za sauti kwa ajili ya tofauti hizo hasa, wamekwenda na vinasa sauti vyao mpaka kwenye injini zenyewe, na kazi yao ni nzuri kiasi cha kuudhi. Nasema nzuri bila kejeli. Vaa vipokea sauti vya masikioni, sikiliza Valenta ikitoka kwenye muungurumo wa kusimama hadi ule mlio wa kupasua anga, na utajikuta umeshafungua pochi.

Hapo ndipo unapotakiwa kutosoma maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa bidhaa.

Maandishi hayo husema hivi kwa ufupi: pakiti hii ni ya sauti na maboresho, kichwa chenyewe huna. Lazima uwe na nyongeza ya kichwa. Unarudi dukani, unanunua kichwa. Kichwa kinakuja na safari kadhaa zilizopangwa tayari, lakini safari hizo zinapita kwenye njia ambayo nayo inauzwa peke yake. Unanunua njia. Unaifungua kwa furaha, unatazama orodha ya vyombo vilivyomo, na katikati yake unakuta HST. Ilikuwamo siku zote. Tena ukipekua zaidi utagundua kwamba HST ilikuwamo hata kwenye ile diski ya 2007. Sasa unazo tatu, zote zinatazamana kwenye menyu, na ukizitazama upande wa nje ungehitaji miwani kuzitofautisha. Huu si uzembe wa duka. Mnyororo umefungwa vizuri, na kila kiungo chake ukikitazama peke yake kina mantiki: ni kweli sauti haiwezi kulia bila injini, na injini haiwezi kwenda bila reli.

Jiepushe pia na wazo la kujaza mapengo yote. Safari moja inaweza kutaka mabehewa ya mizigo kutoka nyongeza ya nne na injini ya kusogezea mabehewa kutoka ya tano, hata kama injini hiyo imeegeshwa kwenye reli ya pembeni na utaipita kwa sekunde mbili. Usipokuwa nayo, gemu inaweza kugoma kuanza kabisa. Mtu wa kawaida angeichagua safari nyingine. Wewe si mtu wa kawaida, ndiyo maana bado unasoma.

Suala la rangi ni jepesi, tulimalize. Class 66 ni injini ya dizeli ya mizigo iliyojengwa na General Motors kule London, si ile ya Mto Thames bali ile ya Ontario, Kanada, na ikaanza kushushwa Uingereza mwaka 1998. Kampuni ya EWS peke yake iliagiza 250. Wapenzi wa treni wakaibandika jina la Shed, banda, kwa sababu ya paa lake. Kila kampuni ya mizigo iliyoichukua iliipaka rangi zake, na kila rangi ina mnunuzi wake. Ni sawa na kununua daladala ileile mara tano kwa kuwa mstari wa ubavuni umebadilika. Inunue kwanza ile nyekundu iliyoiva ya EWS. Zingine zitakujia zenyewe.

Sasa malipo. Sisi wa Tanzania na Kenya duka la Steam hutuwekea bei kwa dola, jambo linalosaidia sana, kwa kuwa dola kumi na saba haionekani kuwa pesa mpaka uigeuze. Usiigeuze. Jaza kadi yako ya mtandaoni kwa simu, lipa, kisha futa ujumbe wa muamala kabla simu haijashikwa na mwingine. Ukichelewa, mazungumzo huwa hivi:

"Baba Neema, hizi dola kumi na saba ni za nini?"

"Za kichwa cha treni."

"Na mabehewa?"

"Yanauzwa peke yake."

"Sasa hicho kichwa kitavuta nini?"

Hilo ni swali la kiufundi na linastahili jibu la kiufundi. Mwambie Mama Neema kwamba injini ikikimbia bila mabehewa huitwa safari nyepesi, na kwamba mashirika makubwa hufanya hivyo kila siku wakati wa kupeleka injini karakana. Kisha ondoka sebuleni.

Baada ya kulipa unapakua, na njia moja ya reli ni GB kadhaa. Bando la wiki halitoshi. Wenye uzoefu huwasha upakuaji saa nane za usiku kwa bando la usiku, wanalala, na kuamka wamekuta asilimia 94 na umeme wa LUKU umekwisha. Hakuna ushauri kuhusu hili.

Siku ukifanikiwa kuwasha gemu, jiandae kwa kuendesha, ingawa ni sehemu ndogo ya burudani hii. Uko Paddington, jukwaa la kwanza, mvua ya Kiingereza inapiga kioo. Unabonyeza A kuongeza moto. Hakuna kinachotokea. Unabonyeza tena. Injini inavuma, treni haisogei. Huenda hujasukuma mwelekeo mbele kwa W. Huenda breki hazijaachia, kwa sababu hewa kwenye mabomba ya treni ndefu hupanda taratibu. Huenda kile kitufe chekundu cha kumkumbusha dereva kimebonyezwa, na kikibonyezwa hukata nguvu hadi ukitoe. Huenda ishara mbele yako ni nyekundu, na ndivyo ilivyokuwa muda wote. Jibu lipo kwenye kitabu cha maelekezo, faili ya PDF iliyofichwa kwenye folda ambayo hukujua ipo, na waandishi wake wameieleza taa ya mezani ya dereva kwa upendo kuliko wengi wetu tunavyoandika barua za posa.

Ukishaondoka, utakutana na AWS. Ni mfumo wa onyo ambao reli za Uingereza zilianza kuusambaza miaka ya 1950. Kabla ya ishara kuna sumaku katikati ya reli. Ishara ikiwa ya kijani, kengele inalia ndani ya chumba cha dereva. Ikiwa ni rangi nyingine, inalia honi, na una kama sekunde mbili za kubonyeza kitufe kuonyesha kwamba uko macho. Kwenye kibodi kitufe hicho ni Q. Ukibonyeza, kisahani cheusi mezani kinageuka ua la mistari myeusi na ya njano, kukukumbusha kwamba umeonywa. Usipobonyeza, treni inajifungia breki zote. Uliyelipia sauti ya Valenta sasa unasikia pumzi ya breki tu, na unabaki umesimama katikati ya mashamba ya Berkshire. Nyuma yako kuna abiria wa kuchorwa ambao hawalalamiki. Hapo wanawapita abiria wa kweli, na ndiyo raha yenyewe ya kazi hii.

Hapa wengi hukumbuka kwamba Steam hurudisha pesa. Ni kweli: ndani ya siku 14 tangu kununua, na kwa nyongeza, mradi gemu mama hujaicheza kwa saa mbili tangu uinunue hiyo nyongeza. Piga hesabu. Gemu ikipakia njia, saa inahesabu. Ukisoma PDF huku gemu iko wazi nyuma, saa inahesabu. Ukitafuta kitufe chekundu, inahesabu. Utakapojua kwa hakika kwamba kichwa hiki hukihitaji, utakuwa umekimiliki kabisa. Na feni ya laptopu ikianza kuvuma, usidhani ndiyo Valenta.

Wanaoona dizeli ni ya kitoto huhamia kwenye injini za mvuke, na hao sina la kuwasaidia. Mallard iliweka rekodi ya maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938 ikiteremka mlima wa Stoke, na beringi moja ikachemka hadi treni ikaishia Peterborough kwa aibu kidogo na heshima kubwa. Wewe utaanza kwa kujifunza kuingiza maji kwenye boila. Maji yakipungua mno, umekwisha. Ukiyazidisha, unapoteza mvuke. Unasahau kufungua kipulizia kabla ya handaki. Mwaka 1928 treni ya Flying Scotsman ilipoanza kwenda London hadi Edinburgh bila kusimama, maili 392, ilibidi wawepo madereva na wachochea makaa jozi mbili, na behewa la makaa likatengenezwa na ujia mwembamba ndani yake ili wapokezane zamu treni ikiwa mbioni. Gemu inakutaka uifanye kazi hiyo peke yako, na chai yako imepoa. Kuna chaguo la kumwachia mchochea makaa wa kompyuta. Mnunuzi mwenye fahari hulizima chaguo hilo, anasimama bila mvuke baada ya maili tano, na kurudi dukani kutafuta dizeli.

Msomaji wa Nairobi ana njia ya mkato ambayo sipaswi kuitaja. Kwenye Makumbusho ya Reli imesimama Garratt ya daraja la 59, namba 5918, Mount Gelai. Ni moja kati ya 34 zilizojengwa na Beyer Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli yetu ya mita moja, kila moja tani 252 hivi, zote zimepewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi nyanda za juu. Unaweza kuizunguka kwa miguu, na utachoka kabla hujaimaliza. Haihitaji bando wala kadi. Kwa madhumuni ya mwongozo huu haifai kabisa, kwa sababu haina punguzo.

Punguzo ndilo jambo la mwisho kulifahamu. Mauzo makubwa ya Steam hufunguliwa na kufungwa saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani, yaani saa mbili usiku kwetu wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi yao. Kwa hiyo jioni ya siku ya mwisho ule mapema. Weka orodha ya matamanio tayari, iwe ndefu, na uanze na vile ulivyokataa mwaka jana. Pochi ya Steam ya dola haikubali kuongezewa chini ya dola tano, kwa hiyo karibu kila mara kutabaki chenji: dola moja na senti, au mbili na nusu. Usiiache ilale. Shuka chini kabisa ya orodha, panga kwa bei kuanzia ndogo, na hapo utakuta mabehewa ya makaa ya mawe.