Turubai Bila Msiba

Mpaka naandika haya, daftari la rambirambi lina shilingi 43,500 na nafasi ya jina la marehemu iko wazi.

Kosa langu ni kuanika turubai. Si lile la nguzo za chuma ambalo vikundi hukodisha. Langu ni la kupandia milima, nailoni nyembamba kama ganda la kitunguu, mita tatu kwa tatu, gramu 600 kwenye mizani ya muuza dagaa. Nililipata mtumbani, nikapanda nalo Bondwa, kule Uluguru, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Nikashuka nalo limelowa, nikalishindilia kwenye mfuko wake, nikautupa juu ya kabati. Nitalianika kesho, nikasema. Kesho hiyo imefika Jumamosi iliyopita, mwezi wa Agosti.

Nilipofungua mfuko ilitoka harufu ya matapishi ya mtoto mchanga. Si ukungu, ukungu ningeuosha. Upande wa ndani wa turubai lile umepakwa utando wa poliyurethani, ndio unaozuia mvua, na baadhi ya tando hizo hazivumilii unyevu ukikutana na joto. Maji huikatakata minyororo ya ile plastiki polepole, joto likiyahimiza, mpaka utando unageuka ute unaonata na kunuka. Sasa fikiria juu ya kabati, chini ya bati, Dar es Salaam. Nilikuwa nimelipika turubai langu miezi minne kwa moto mdogo.

Asiyejua kitu angelitupa juani kwenye kamba ya nguo, na asingekuja mtu. Mimi najua kwamba jua kali huila nailoni, kwamba turubai hukaushwa kivulini, limetandazwa, upepo upite juu na chini. Nikafunga kona moja kwenye mwarobaini, nyingine kwenye nondo za dirisha, mbili zilizobaki kwenye kiti cha plastiki kila moja. Upepo ukaviburuta viti. Basi saa moja asubuhi, macho mekundu kwa ile harufu, nikagonga kwa jirani: “Mama, shikamoo. Naomba viti.”

Hakuuliza vya nini. Alijishika mdomo, akanipa sita.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa chumba cha pili. Akasema pole, akaketi. Nilidhani ananipa pole ya kazi. Wakaja kina mama watatu wamejitanda khanga, wakaketi. Hakuna aliyeuliza kitu, maana kwenye jambo kama lile ni utovu wa adabu kuuliza. Unakaa, unasubiri uambiwe. Mimi nikaona watu wamevutiwa na turubai. Miaka yote nimetafuta mtu wa kumweleza habari hizi, leo wamekuja wenyewe, na viti wamevikuta.

Nikaanza na kamba. Ukiizungusha kamba kwenye vidole kama unavyokunja mpira wa kumwagilia, kila mzunguko unaipa msokoto mmoja. Mizunguko ishirini, misokoto ishirini, imejificha humo inangoja uivute ili ijifunge fundo gizani, mvua ikinyesha. Dawa ni namba nane: zungusha kwenye dole gumba, vuka katikati, zungusha kwenye kidole cha mwisho, rudi. Tanzi la huku linatia msokoto, la kule linautoa, hesabu inabaki sifuri, na kamba inafunguka kama tambi iliyopakwa mafuta. Mafundi wa muziki wa harusi nao, wanapokunja nyaya zao, hupishanisha matanzi kwa sababu hiyo hiyo! Nilimwonyesha mzee mara tatu. Nikampa naye ajaribu. Alikunja kwa heshima kubwa, macho chini.

Nikaingia kwenye mfuko. Turubai halikunjwi kama shuka, niliwaambia. Ukilikunja, mkunjo unarudi palepale kila siku na utando unapasuka kwenye mstari ule. Unalishindilia ovyo, kama fundi anavyoshindilia sufi kwenye mto, ili kila safari mikunjo iwe mipya. Upande utakaoufunga kwanza mtini uingie mwisho, uwe mdomoni. Na likilowa halikai pamoja na nguo ndani ya begi. Linakaa mfuko wa nje, na ukifika tu unalitoa. “Unalitoa siku hiyo hiyo,” nilisema, na nadhani hapo sauti ilinikatika kidogo.

Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake: “Mwache aongee. Ndivyo inavyoanza.”

Kufikia saa nne walikuwa watu ishirini na watatu, sufuria ya uji iko mafigani, mjumbe amefungua daftari. Akanisogelea taratibu: “Mwanangu, tunazika wapi?”

Nikamwuliza tunazika nini.

Kicheko kilichofuata sikilalamikii. Ninacholalamikia ni Mei. Mwezi wa Mei nililala siku tisa na malaria katika chumba hiki hiki, ukuta mmoja na yule mzee, ambaye anasikia nikipiga chafya. Aliyegonga mlango siku zote tisa ni kijana wa taka, akidai elfu mbili yake. Nilikunywa maji ya bomba kwa sababu sikuweza kusimama nichemshe. Uji ule wa Jumamosi, ungekuja Mei kikombe kimoja tu, nisingeusahau. Sikujua kwamba kilichokosekana ni turubai.

Mengine ya siku ile ni madogo. Kuku wa jirani alinata kwenye ute akaachia manyoya matatu. Viti vimerudi vitano.

Hela hazirudi, mjumbe amesema: ya msiba haitoki bila msiba, itakaa inasubiri. Tangu hapo napita mbele yake kwa tahadhari.

Jioni mama mwenye nyumba alikuja kuliangalia, akabinya nailoni kwa vidole viwili.

“Linaenea watu wangapi?”

“Mmoja, mama. Tena akilala.”

Akatingisha kichwa. “Basi hili si la waombolezaji. Ni la marehemu mwenyewe.”