Muulize Mjomba Waya

*Mjomba, nina steshenari Nachingwea mjini. Juzi fundi alinipigia Windows mpya, na tangu hapo kompyuta haioni mtandao hata kidogo. Anasema kadi ya mtandao imekufa, nitoe hela ya nyingine. Nitoe? – Mama Steshenari*

Mama Steshenari, pole, lakini usichimbe kaburi mgonjwa angali anapumua. Kadi iamke nzima, ipigiwe Windows mchana, jioni ife? Mimi ningemtazama aliyekuwa naye mchana. Windows ya zamani ilipofutwa iliondoka na dreva, kile kijiprogramu kinachoifanya kompyuta ielewane na kadi. Bonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Device Manager. Ukikuta kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, kadi ipo, imekosa mkalimani tu.

Utaniuliza: dreva iko mtandaoni na mtandao ndio sina, navukaje? Chomeka simu kwa waya wa USB, ruhusu kushea intaneti kwa USB. Njia hiyo haipiti kwenye kadi yako kabisa. Nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, tafuta kwa modeli iliyobandikwa chini yake. Zile tovuti zenye kitufe kikubwa cha kijani kinachokukonyeza, zikimbie kama mteja unayemdai akitaka umkopeshe tena.

*Mjomba, mimi karani wa AMCOS, ushirika wa wakulima, huku Ruangwa. Msimu wa korosho umepamba moto, wakulima wamejaa barazani wanataka kujua bei ya mnada, na kompyuta imegoma. Tunatumia mtandao wa kebo. Taa ya pale kwenye tundu haiwaki. Nimezima na kuwasha mara saba. – Karani Jasho*

Karani, mara ya nane haitasaidia. Taa isipowaka, anza na kebo. Tazama kile kiulimi cha plastiki kichwani mwake. Nakujua, kimevunjika, mmekikaza kwa kikaratasi kilichokunjwa. Weka kebo nyingine, kisha uhamie tundu jingine la swichi ya mtandao. Majirani zako wa Nachingwea walikuwa na stesheni ya treni, lakini reli ya mradi wa karanga wa wakoloni iling'olewa miaka ya 1960. Hata wangejenga stesheni kumi mpya, treni isingefika. Kadi ni stesheni, kebo ni reli.

Kebo nzima, tundu zima, taa bado giza? Nitauliza kama ilipiga radi, maana mvua za kwanza huwakuta mkipima korosho. Umeme wa radi hupita kwenye waya mrefu, ukaichoma kadi na kuiacha kompyuta ikiwaka vizuri. Hapo kadi imekufa kweli. Usifungue kitu: nunua adapta ya mtandao ya USB, chomeka, endelea na kazi. Na wingu likitanda, chomoa kebo ya mtandao pia, si ya umeme peke yake.

Taa ikiwaka na anwani ya IP ya kompyuta ikaanza na 169.254, iache kadi. Kompyuta imeomba anwani, ruta haikujibu, ikajipa yenyewe. Kazime ruta, kisha uiwashe tena.

*Mjomba, waifai ya laptopu yangu imezimika ghafla. Nimeshauza kuku wawili nipate nauli ya kwenda Lindi kwa fundi. – Kijana wa Nachingwea*

Bonyeza kitufe chenye picha ya ndege. Kuku sina la kukusaidia.

Wasomaji, barua za printa sipokei.