Barua ya Wazi kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza

YAH: SHUKRANI KWA KOZI YA AWALI YA UCHUMI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wizara inatolewa shukrani za dhati kutoka Afrika Mashariki. Huku watu walidhani kwamba mwombaji wa shahada ya uzamili ya uchumi akidaiwa cheti cha IELTS, kinachopimwa ni Kiingereza. Kumbe ni somo lenyewe la uchumi, linafundishwa kwa vitendo kabla mtu hajaiona Heathrow.

Mada ya kwanza ni uchakavu wa mali. Matokeo ya IELTS huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2. Mhitimu wa Dar es Salaam amesomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na tasnifu yake chuoni ameiandika kwa lugha hiyohiyo. Akikaa kidogo kusubiri ufadhili, Kiingereza chake huchacha kama maziwa ya pakiti. Hata trekta hupewa umri mrefu zaidi katika vitabu vya mhasibu.

Mada ya pili ni ishara sokoni. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alionyesha kwamba cheti kinaweza kuwa na thamani hata kama hakijamwongezea mtu ujuzi wowote, mradi kukipata kumgharimu zaidi asiye na uwezo. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Akerlof na Stiglitz. Wizara imeisogeza mbele nadharia hiyo: ada ya mtihani haimjui fasaha wala asiye fasaha, na nauli ya basi kutoka Kigoma hadi mji wenye kituo cha mtihani ni ileile kwa wote. Siku za kazi zinazopotea njiani profesa atakuja kuziita gharama ya fursa. Mwanafunzi atakuwa keshazilipa.

Takwimu nazo zimo. Katika sehemu ya kuandika, mtahiniwa wa IELTS ya kitaaluma hupewa mchoro au jedwali, alieleze kwa maneno yasiyopungua 150. Aseme mstari umepanda, umeshuka, umetulia. Akianza kufafanua kwa nini umepanda, ametoka nje ya swali. Hilo la “kwa nini” ndilo analoombea visa akalisomee.

Lakini mada tamu kuliko zote ni Malta.

Wizara ina orodha ya nchi inazozitambua kuwa watu wake wengi huzungumza Kiingereza, ambazo raia wake hawasumbuliwi kukithibitisha. Jamaika imo, Guyana imo, Belize imo. Nchi ya bara la Afrika haimo hata moja. Malta imo, ingawa Wamalta wengi nyumbani huzungumza Kimalta, lugha iliyochipuka kutoka Kiarabu. Hongera zao. Ila kama undugu na Kiarabu ni sifa, basi Mswahili anayehesabu sita, saba, tisa naye anaomba asikilizwe.

Pengine makabrasha ya zamani yatasaidia. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake waliandaliwa kwa shahada za London. IELTS ilizaliwa mwaka 1989. Kwa hiyo Kiingereza cha babu kilitosha kuipata shahada ya London akiwa Dar es Salaam. Cha mjukuu bado kinachunguzwa kama kinatosha kuiombea.

Haki itendeke: kanuni za Wizara huviruhusu vyuo vikuu vyenyewe kupima lugha ya wanaokwenda kusomea shahada, kwa kiwango cha B2. Baadhi hukubali alama ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE wa Kenya, vingine havitaki kusikia. Hapo mwombaji hujifunza jinsi bidhaa ileile inavyoweza kuuzwa kwa bei tofauti mtaa mmoja. Akikosa nusu alama, kuna kozi ya lugha ya wiki kadhaa kabla ya muhula, nayo ina ada yake.

Kozi ya maandalizi inayomfaa ipo. Chuo cha LSE cha London huwapitisha wanaoanza uzamili wa uchumi katika EC400, kozi ya Septemba ya hisabati na takwimu. Mwingereza na Mkenya hutoka jasho katika ukumbi mmoja, kwa maana kizidishi cha Lagrange hakiulizi pasipoti. Marekani nayo ilikuwa na Economics Institute, iliyoanza mwaka 1958 na kujulikana zaidi ilipokuwa Boulder, Colorado. Wageni waliojiandaa kwa shahada za juu walifundishwa hapo Kiingereza na uchumi kwa pamoja. Mtu alilipia kufundishwa asichokijua, mtindo ambao Wizara bila shaka inauona umepitwa na wakati.

Maombi ni mawili tu. Kwanza, Wizara itoe jedwali la uchakavu, lioneshe maneno yapi hupotea mwaka wa kwanza na yapi mwaka wa pili, ili waombaji wayatumie mapema. Pili, itaje ni lugha gani ya kuzungumza nyumbani inayokaribiana na Kiingereza kama Kimalta.

Wizara iwe radhi kwamba barua imekuja kwa Kiswahili. Cheti cha mwandishi kiliisha muda wiki iliyopita, naye ni mtu wa kufuata sheria.

Wasalaam,
Mwombaji

Nakala: Serikali ya Malta, kwa taarifa.